Kawaida ya Nani?

Neno manga si geni kwetu watu wa pwani. Tunalo katika pilipili manga, tunalo katika komamanga, na wazee wetu waliposema kuwa fulani ametoka Manga walikusudia Arabuni, khasa upande wa Omani. Siku hizi neno hilo limetuingilia kwa mlango mwengine. Vijana wakisema wanasoma manga hawakusudii kitu cha Waarabu, bali ni hadithi za picha zitungwazo Japani, zichorwazo kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na zisomwazo kuanzia kulia kwenda kushoto kama tusomavyo msahafu. Huzisoma ndani ya simu, aghlabu kwa Kiingereza, na wasichana huzisoma kama wavulana, pengine na kuwashinda.

Nisingalishughulika nazo mimi, mtu wa umri wangu, lau zingalibaki katika simu. Lakini zimepandishwa mimbari. Yuko mzungumzaji mmoja kijana huko pwani, mwenye ulimi mtamu na elimu si haba, aliyetoa mawaidha ambayo yamerikodiwa na kutembezwa mkono kwa mkono hata yakatufikia sisi tulioko huku Ngara na Biharamulo, katika mkoa wa Kagera, kwenye pembe ambako Tanzania inakutana na Rwanda na Burundi. Mukhtasari wa maneno yake ni huu: kwamba Wajapani wenyewe, watu wa mitambo na elimu, wametunga hadithi ya binti aliyepewa nguvu za kuyashinda majeshi, na binti huyo hataki ufalme wala cheo, anataka mambo ya kawaida tu, ale na wenzake, acheke, alale kwa amani. "Basi nyinyi mabinti zetu," akauliza, "mnakimbilia wapi na maskuli marefu, na hali hata asiyeamini amekwisha ona kuwa raha ya mwanamke imo katika mambo ya kawaida ya nyumbani?" Watu wakaleta takbiri.

Simtaji jina kwa sababu ugomvi wangu ni na hoja, si na mwenyewe. Lakini hoja sitaiachia ipite, kwani huku kwetu imekwisha anza kuzaa, na matunda yake ni machungu. Wazee wawili wamenijia kwa nyakati mbalimbali kuniambia kuwa wanataka kuwatoa binti zao skuli. Mmoja wao aliniambia, "Sheikh, hata Mjapani amekubali." Binti yake yuko kidato cha tatu, na ni katika wanafunzi wangu wa chuoni wenye kuhifadhi vizuri.

Insafu inataka mtu akisome kitabu kabla ya kukitolea hukumu. Mimi Kiingereza sikukisoma, kwa hivyo nilimwomba binti huyo huyo anifasirie, mbele ya wenzake, baada ya darsa ya alasiri, siku baada ya siku, mpaka tukakimaliza kitabu cha mwanzo na kuingia cha pili. Tulipofika hapo nikafahamu jambo moja: ndugu yetu mzungumzaji hadithi hii hakuisoma. Amesimuliwa.

Mtungaji wake anajiita FUNA. Hadithi ilianza kutolewa mwaka 2016, ikawa vitabu, ikawa manga, na mwaka 2019 ikaonyeshwa katika televisheni ya Japani. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Si nilisema uwezo wangu uwe wa wastani?" Inamhusu msichana wa Kijapani, Misato, mwenye akili za kupita kiasi tangu utotoni. Kwa sababu ya akili hizo watu walimtukuza na kumweka mbali. Wakubwa walimtazamia makubwa, na wenzake hawakumkaribia, hata akafika miaka 18 hana rafiki. Siku moja anamwokoa mtoto barabarani, na gari linamuua yeye. Anajiona mbele ya mmoja aliyechorwa kuwa ndiye mgawaji wa vipawa vya walimwengu, akimwambia kuwa atazaliwa tena katika ulimwengu mwengine, basi achague kipawa akitakacho. Yeye anajibu: nipe uwezo wa wastani.

Hapa najua wako watakaoruka. Mola wetu hachorwi, hakosei hesabu, wala roho ya aliyekufa hairudi kuzaliwa upya. Hayo nimeyasema, na mwanafunzi aliyekuwa akinifasiria aliyasema kabla yangu, tena kwa haraka, kama mtu anayeruka dimbwi asilowe viatu. Sisi tulikulia katika hadithi za Alfu Lela Ulela, za majini waliotiwa katika chupa, na za Fumo Liongo asiyeingiwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni, na sikuona mzee aliyemkataza bibi yetu kutusimulia. Mwenye kuogopa kuwa picha za Japani zitaivunja itikadi ya mwanawe, na amsomeshe hiyo itikadi kwanza, halafu ndipo atafute cha kuogopa. Kuzivunja simu hakumsomeshi mtoto kitu.

Turudi kwenye hesabu, kwani ndiko kwenye utamu. Mgawaji yule alipoombwa wastani hakuwatazama watu. Alimchukua kiumbe dhaifu kuliko wote, akalichukua na joka kuu lililo na nguvu kuliko viumbe vyote, akakata katikati. Msichana akazaliwa upya akiwa binti wa nyumba ya kabaila, jina lake Adele, na alipofika miaka kumi akayakumbuka yaliyopita na kugundua alichopewa: nguvu za ajabu zilizo nusu ya zile za joka, mara 6,800 ya nguvu za mtu wa kawaida. Aliomba katikati ya watu, akapewa katikati ya tarakimu. Na nusu ya joka bado ni joka.

Nilicheka, wala sikuficha, maana sisi tulioko huku twaijua hesabu hiyo. Neno wastani tumelitoa katika Kiarabu, asili yake ni katikati, na katikati kwetu ni jambo la sifa. Lakini waweke watu kumi barazani, mmoja ale sahani kumi za pilau na tisa wasile kitu, kisha muulize karani. Atakwambia kuwa kwa wastani kila mtu amekula sahani moja. Huku Ngara, ardhi ya Kabanga mna nikeli inayohesabiwa miongoni mwa hazina kubwa za madini hayo duniani. Biharamulo mna dhahabu: mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa mwaka 2005 chini ya kampuni ya kigeni, na mwaka 2013 ukachukuliwa na shirika la serikali, STAMICO. Penye maporomoko ya Rusumo, mto Kagera umewekewa mitambo ya umeme wa megawati 80, ugawanywao baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Yajumlishe yote hayo, uyagawe kwa vichwa vya watu, utampata msichana wa Ngara mwenye nusu ya joka. Kisha toka alfajiri umtazame kwa macho yako. Ana dumu la lita 20 kichwani na anapanda kilima, kwa sababu huku nyumba nyingi ziko juu na maji yako bondeni. Akifika nyumbani atalitua, atafunga shungi lake la skuli, ateremke tena upande wa pili.

Huyo ndiye aliyeambiwa na mzungumzaji wetu kuwa atosheke na mambo ya kawaida.

Kawaida ipi? Wahenga walisema kawaida ni kama sheria, na watu wa fiqhi wana kanuni kuwa ada ya watu huzingatiwa katika hukumu. Ndugu yetu anaijua kanuni hiyo, kwani katika mawaidha yale yale ameitumia. Lakini kanuni kuu ni tano, na katika tano hizo iko jirani yake isemayo kuwa madhara huondolewa. Sijapata kumsoma faqihi aliyesema kuwa dhiki ikikaa muda mrefu hugeuka ikawa ada. Kuchota maji mwendo wa saa nzima si ada ya wanawake wa Kihangaza, ni upungufu wa bomba. Kuacha skuli kidato cha tatu si ada ya binti wa Kiislamu, ni uamuzi wa mzee mmoja aliyesikia mawaidha katika simu. Mambo haya mawili yakishaitwa kawaida hupata heshima yasiyoistahiki, na anayeyalalamikia huonekana kuwa ndiye mkosa shukrani.

Na itazame tena hadithi yenyewe. Misato aliomba kawaida kwa kuwa alikuwa nacho kinyume chake. Alikwisha ijua meza ya juu, akataka kushuka mkekani akae na watu. Hilo ni jambo kubwa, na sisi tumelijua kabla ya FUNA. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma mikononi na akapewa ufalme, na juu ya hayo akala kwa kazi ya mikono yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikhiyarishwa baina ya kuwa nabii mfalme na nabii mja, akachagua uja. Na Bibi Aisha alipoulizwa habari zake za nyumbani alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kama wafanyavyo watu majumbani mwao. Utukufu wa mambo hayo uko katika khiari. Asiye na kiatu hasifiwi kwa kutembea peku. Waliosema juu ya zuhudi waliliona hilo zamani: zuhudi ni kuiacha dunia iliyo mkononi, ama aliyenyimwa, yeye ameacha nini? Na mwenye kumnyima mtu, kisha akapanda mimbari kumsifu kwa zuhudi yake, sijui tumwiteje.

Wala asije mtu akasema kuwa sheikh wa Ngara anadharau kazi ya nyumbani. Mimi nimelelewa na kazi hiyo, kama nyinyi nyote. Lakini Bibi Fatma, na hakuna atakayejilinganisha naye, mikono yake ilidhurika kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Alifundishwa dhikri ya kumpa nguvu, naam, hayo tunayasomesha watoto. Tunachosahau kuwasomesha ni kwamba alikwenda akasema jiwe linaniumiza, na hakuambiwa kuwa kusema hivyo ni utovu wa adabu.

Kisha liko jambo ambalo ndugu yetu, lau angaliisoma hadithi, lingalimfanya ameze mate. Binti yule wa nusu ya joka alipotaka kuishi kama watu, je, aliingia jikoni? Aliingia skuli. Tena mara mbili. Kwanza alipelekwa bwenini na baba na mama wa kambo wasiomtaka, na humo ndimo alimopata marafiki wa mwanzo katika maisha yake yote mawili. Siri yake ilipofichuka akaikimbia nchi, akabadilisha jina akajiita Mile, na huko ugenini akaingia skuli ya pili, ya kufundishia wawindaji. Hapo akawapata wenziwe watatu, Reina, Mavis na Pauline, wakawekeana nadhiri, wakafanya kazi ya kulipwa pamoja. Huyo Pauline ni binti wa mfanyabiashara, na kwa hesabu za fedha hakuna duka la Darajani ambalo lingalimpunja. Kila Mile anapofanya jambo lisilowezekana na wenzake wakakodoa macho, hudai kuwa hiyo ni siri ya ukoo wao.

Basi kawaida aliyoitamani binti huyu ni hii: asome pamoja na wenzake, afanye kazi, alipwe haki yake, ale alichokichuma, na watu wasimuogope. Aliyetoka katika kitabu hicho na hoja ya kuwatoa mabinti skuli, labda alikishika kuanzia kushoto.

Iko hadithi nyengine ya namna hiyo, na hii mwanafunzi aliileta mwenyewe bila ya kuombwa. "Maalim," akasema, "hii utaipenda zaidi." Imetungwa na mtu ajiitaye Kumanano. Msichana wa miaka 15, Yuna, anajikuta katika ulimwengu wa ajabu amevaa vazi la dubu, lenye masikio na mkia, la kuchekesha, ambalo mwenyewe analionea haya. Lakini nguvu zake zote zimo katika vazi hilo, na akilivua, mwendo mdogo tu humchosha. Na yeye naye hana haja ya ufalme. Anapenda kula. Ataua joka la nyoka lililowashinda watu wazima, kisha mawazo yake yarudi kwenye mkate na pudini ya mayai. Ameutoboa mlima njia ya chini kwa chini kwa sababu upande wa pili kuna bahari, kuna samaki, na kuna mchele. Watu wa pwani mtamfahamu.

Sasa sikilizeni. Katika mji anaokaa, Yuna anawakuta watoto wenye njaa wakivizia mabaki ya wauza vyakula. Anauliza, anaambiwa ni mayatima, na zile fedha za nyumba yao zilizokuwa zikitolewa na mtawala wa mji zimekatwa. Anawalisha siku ile. Wengi wetu tungaliishia hapo, tukapiga na picha. Yeye hakuishia hapo. Alijenga banda na ukuta, akaleta ndege mfano wa kuku, akawakabidhi watoto wenyewe: walisheni, wasafishieni, okoteni mayai. Mayai yakauzwa kwa chama cha wafanyabiashara, na watoto wakala kwa jasho lao. Na kwa kuwa alidhani mtawala ndiye aliyewakatia, akaweka sharti moja, kwamba lisiuzwe hata yai moja nyumbani kwa mtawala. Binti awezaye kuiangusha ngome kwa ngumi, silaha aliyoichagua ni yai! Mtawala alipoyakosa mayai akauliza kulikoni, akachunguza, akagundua kuwa yeye fedha za mayatima amezitoa siku zote, na mtumishi wake ndiye aliyekuwa akizila njiani.

Hapo nilimwambia mwanafunzi arudie. Akarudia, na wenzake wakasogea karibu. Nani katika nyinyi wasomaji hajapata kumuona mtumishi yule? Mimi namjua kwa sura, na nadhani hata kanzu yake naijua. Onyo la Qur'ani juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma watoto wangu wanalihifadhi na wanalisoma kwa tajwidi nzuri, lakini siku ile ndipo nilipowaona wamekasirika. Mmoja aliuliza kama mtumishi alifungwa.

Hata hivyo ninao ugomvi na hadithi hizi, nao si ule wa ndugu yetu. Ugomvi wangu ni kwamba nguvu zote zinashuka kwa bahati. Mile amezaliwa nazo, Yuna amevishwa. Hakuna aliyekesha juu ya kitabu, hakuna aliyefeli akarudia. Msichana anayezisoma usiku chini ya shuka anaweza kujikuta anangoja vazi la dubu, na hali mtihani wake uko Novemba. La pili ni kubwa zaidi. Wale mayatima hawakuwa wakiomba sadaka. Walikuwa na haki katika hazina ya mji, na haki yao ikarudi kwa sababu msichana mmoja mwenye moyo mwema alipita njia ile. Asingalipita? Mtumishi angaliendelea kula mpaka kaburini. Hadithi kama hadithi inapendeza, lakini mji wa watu hauendeshwi kwa kumngoja dubu.

Mji wa watu waliokosa kila kitu tumeuona huku Ngara, na haukuwa hadithi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia kwetu kwa muda wa usiku na mchana. Wakakusanyika Benaco, mahali ambapo leo malori ya Kigali na Bujumbura husimama madereva wakala. Wale watu hawakutaka nguvu za joka. Walitaka maji yasiyoua, sufuria, turubai la kuzuia mvua, kuni, choo, na mahali pa kujifungulia. Mambo ya kawaida kabisa, na ili yapatikane ilibidi zikusanywe nguvu kubwa mno: ndege, malori, visima, madaktari, mahindi na maharage kwa maelfu ya tani. Waliokuwa wakipima maji na kuhesabu mahema hawakuwa na vazi la dubu. Walikuwa watu waliokwenda skuli, wengi wao mabinti wa watu, wauguzi, wakunga, na wahandisi.

Na aliyekuwa juu yao wote, akilisimamia shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1991 mpaka mwisho wa mwaka 2000, alikuwa Mjapani. Tena mwanamke. Sadako Ogata, mfupi wa kimo, mama wa watoto wawili, mwalimu wa chuo kikuu, aliyepata shahada yake ya udaktari huko California mwaka 1963, na mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile. Sisemi kazi ile haikuwa na dosari. Miongoni mwa waliovuka daraja walikuwamo wauaji wenyewe, wakaishika migao ya chakula kambini na kuwatawala wenzao kwa njaa. Na Desemba 1996 mamia ya maelfu walirudishwa kwa daraja lile lile, na mpaka leo watu wanahojiana kama lilikuwa jambo la khiari. Lakini ndugu yetu ametaka ushahidi wa Wajapani juu ya mwanamke mwenye nguvu na mambo ya kawaida. Nami nimemletea Mjapani ambaye amri zake zilifika hapa hapa Ngara, na mambo ya kawaida aliyoyashughulikia yalikuwa ya watu wengine. Alifariki Oktoba 2019, umri wake miaka 92, mwezi ule ule ambao binti wa nusu ya joka alianza kuonekana katika televisheni ya kwao.

Neno moja kwa wazazi wa mijini, kwani najua wako wanaosoma haya wakitikisa vichwa na kusema, "Watu wa bara hao, wanawatoa watoto skuli." Misato ni mtoto wenu nyinyi. Ni yule anayetoka skuli akaingia masomo ya ziada, akatoka masomo ya ziada akaingia chuoni, akawa wa kwanza, na jina lake likatajwa harusini mbele ya mabinti wa shangazi zake hata wakamchukia. Mtoto anapoomba awe kama wenzake, naye ana miaka 18 na hana wa kumwambia siri, yako makosa yaliyofanyika nyumbani kwake, na si ya Wajapani peke yao.

Kati ya wale wazee wawili nilioanza nao, mmoja amerudisha nia yake nyuma na binti yake yuko darasani. Wa pili, baba wa mfasiri wangu, bado. Ni mtu mwema, ana shamba la migomba na deni la mbolea, na hana ugomvi na mimi. Ameniambia kwa heshima kabisa kuwa mimi ni sheikh wa huku tu, na yule wa kwenye simu anasikilizwa na maelfu, kwa hivyo atangoja amsikie mwenyewe akigeuza kauli.

Basi namwomba ndugu yetu aje. Nauli nitamlipia mimi. Apande basi mpaka Benaco, nitakuwa nimesimama kumpokea, na atalala kwangu. Baada ya sala ya alfajiri nitampa dumu la lita 20, ateremke nalo bondeni pamoja na mabinti, alijaze, apande nalo, na wao nitawakataza wasimsaidie. Atakapofika juu, baba wa yule binti atakuwa ameketi mbele kabisa. Kipaza sauti nitamshikia mimi mwenyewe, ayarudie maneno yake.